Tuandikieni Mwaka 2060

Mwishoni mwa Februari 2024, wajumbe wa serikali kutoka pande zote za dunia walikutana Gigiri, Nairobi, katika kikao cha sita cha Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Miongoni mwa mambo waliyoyajadili lilikuwemo moja ambalo mtu akilisikia kwa mara ya kwanza atadhani ni ngano: kupunguza ukali wa jua. Uswisi ilileta hoja kwamba liundwe jopo la wataalamu wa kulichunguza suala hilo. Nchi za Afrika, zikiungwa mkono na nyingine, zilisimama kidete zikitaka dunia ikubaliane kutoitumia teknolojia hiyo. Wajumbe wakavutana, muafaka haukupatikana, hoja ikaondolewa mezani.

Teknolojia yenyewe haina ugumu kuieleza. Ndege maalumu zinapaa juu sana, kiasi cha kilomita 20 kutoka ardhini, zinamwaga gesi ya salfa, na gesi ile inageuka vitone vidogo mno vinavyorudisha angani sehemu ya mwanga wa jua kabla haujatufikia. Kwamba jambo hilo linaweza kupoza dunia si la kukisia, maana mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991 ulirusha salfa nyingi hukohuko juu, na wastani wa joto la dunia ukashuka kwa takriban nusu digrii kwa zaidi ya mwaka mzima. Kinachotia hofu ni yale yanayofuata. Ukigusa jua umegusa upepo, na ukigusa upepo umegusa mvua. Nani atamhakikishia mkulima wa Muheza kwamba masika yatakuja kwa wakati wake? Nani atamwambia nahodha wa jahazi kwamba kusi na kaskazi zitabaki kama alivyozirithi kwa baba yake? Na je, nchi iliyoanza kumwaga salfa ikichoka baada ya miaka 40 na kuacha ghafla, lile joto lililozuiwa muda wote huo litarudi kwa kasi gani?

Haya yalizungumzwa Nairobi, nyumbani kwetu. Lakini kwenye vibaraza vya mtaani, kwenye daladala na matatu, nje ya msikiti na kanisa baada ya ibada, hayakuzungumzwa. Siwalaumu waandishi wa habari. Taarifa ya azimio lililoondolewa mezani haina mtu ndani yake, haina mama anayetazama wingu na kujiuliza kama ni la Mungu au la kampuni. Watu hujadili kile walichokwisha kukiona kikimpata binadamu mwenzao, na kwa jambo ambalo bado halijatokea, mahali pa kulionea ni kwenye hadithi.

Ndiyo sababu naandika wito huu. Nawaomba ninyi mnaosoma na kuandika kwa Kiswahili, mnaofundisha, mnaochapisha, mnaorusha matangazo, tuanze kwa dhati kutunga hadithi za kisayansi zinazohusu ardhi yetu, maji yetu, hewa yetu, na mashine zinazokuja kutawala vyote hivyo katika miaka thelathini au arobaini ijayo. Naona ni kazi ya kiraia sawa na kupiga kura, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Mwaka 2020 mwandishi wa Marekani, Kim Stanley Robinson, alichapisha riwaya ya The Ministry for the Future. Inaanza na wimbi la joto katika mji mmoja wa jimbo la Uttar Pradesh, India. Umeme unakatika, viyoyozi vinazima, watu wanakimbilia ziwani na kukuta maji ya ziwa yenyewe yamepata moto kuliko mwili wa mtu. Wanakufa mamilioni. Msomaji anafundishwa, bila kuhubiriwa, kwamba joto likichanganyika na unyevu mwingi wa hewa jasho linashindwa kukauka, na mwili usioweza kujipoza kwa jasho unakufa hata ukiwa umekaa kivulini na maji ya kunywa yapo. Mkazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Tanga anayezijua zile nyakati za usiku wa Februari, shuka limelowa na feni inazungusha hewa ya moto, ataielewa sura ile haraka kuliko msomaji wa London. Baadaye katika riwaya hiyo India inaamua kumwaga salfa angani bila kumsubiri mtu. Unaweza kuukubali uamuzi ule au kuukataa, lakini ukimaliza kurasa zile huwezi tena kusema hulijui jambo lenyewe. Mjumbe aliyeisoma aliingia ukumbini Gigiri akiwa amekwisha kuishi na hofu ya pande zote mbili. Sisi tulio wengi hatukuwa na kitu cha namna hiyo mkononi, si kwa lugha yetu.

Wapo watakaosema kwamba hadithi za kisayansi ni mambo ya Wazungu, ya roketi na majitu ya kijani. Nawasihi warudi kwenye rafu zao za vitabu. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951. Ni nchi nzima inayoelea hewani, na wajumbe wake wanatumwa kila upande kutafuta maarifa ya kuifaa, wanarudi nayo, wanatupwa gerezani. Mwanasayansi yeyote wa tabianchi aliyewahi kupeleka ripoti yake kwa wakubwa atajiona katika wajumbe wale. Katama Mkangi wa Kenya, msomi aliyewahi kuwekwa kizuizini kwa ajili ya msimamo wake, alitupa Walenisi mwaka 1995, ambamo Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, anafungiwa ndani ya chombo na kurushwa anga za juu. Badala ya kufa anajifunza kukiendesha chombo chenyewe, na anatua kwenye sayari yenye jamii ya haki. Kezilahabi kwa Nagona, Said Ahmed Mohamed kwa Babu Alipofufuka, Wamitila kwa Bina-Adamu!, wote hao walikwisha kutuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kutoka nje ya uhalisia wa kila siku na kikarudi na habari nzito.

Kwa hiyo msingi upo, na ni imara. Ila riwaya hizo ziligombana zaidi na watawala, na mfumo wa dunia unaowanyonya wanyonge. Ulikuwa ugomvi wa haki na bado haujaisha. Lakini mkoko, betri, mbegu iliyobadilishwa vinasaba, mita ya maji inayofunga bomba yenyewe salio la simu likiisha, hivi bado havijapata riwaya yao kuu ya Kiswahili.

Kazi bora ya Afrika Mashariki katika uwanja huu, kwa maoni yangu, ni filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, Pumzi, ya mwaka 2009. Ina dakika zipatazo 20 tu, na mwaka uliofuata ilionyeshwa kwenye tamasha la Sundance huko Marekani. Ndani ya filamu hiyo, miaka 35 imepita tangu Vita vya Tatu vya Dunia, vita vya kugombea maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, na nje ni jangwa ambalo wakubwa wanasema limekufa. Umeme wanauzalisha kwa miili yao, kwa kufanya mazoezi kwenye mashine. Kila mtu ana mgawo wake wa maji. Mkojo na jasho havitupwi, vinasafishwa na kunywewa tena. Hata ndoto zinadhibitiwa: ukiota, mashine inakuamuru umeze dawa. Asha, mtunza makumbusho, anatumiwa udongo ndani ya kikasha bila jina la mtumaji. Anaupima, anakuta una unyevu na hauna mnururisho. Anaweka mbegu ndani yake, inachipua. Anaomba ruhusa ya kutoka nje, wakubwa wanakataa. Anatoroka, anavuka jangwa na mche wake, na maji ya mwisho aliyobaki nayo hayaingii kinywani mwake. Anayamwaga kwenye shina.

Angalieni fundi alivyofanya kazi. Kahiu hahutubii popote. Anatuonyesha kichupa cha maji mkononi mwa mwanamke, na macho ya mfanyakazi wa usafi anayekitazama kichupa hicho, na tunaelewa uchumi mzima wa nchi ile. Hakuagiza shujaa kutoka ng'ambo wala kumpa Asha bunduki. Alimpa kitendo ambacho Mkenya yeyote anakifahamu, mwanamke kuinama na kupanda mti, kazi ambayo Wangari Maathai aliianzishia vuguvugu zima mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Nobeli ya Amani kwa ajili yake mwaka 2004. Mwaka huohuo wa Pumzi, Kahiu alikuwa ametengeneza pia filamu kuhusu maisha ya Maathai. Alichota kisimani kwake mwenyewe.

Jina la filamu ni la Kiswahili. Maneno machache yanayosemwa ndani yake ni ya Kiingereza. Sisemi hivi kumlaumu, maana filamu inatafuta fedha na watazamaji mahali vilipo. Nasema ili tuone nafasi iliyobaki wazi kwa ajili yetu.

Kahiu amewahi kueleza kwamba wazo lake lilitokana na swali la karibu na mzaha: kama tumeshazoea kununua maji ya chupa, je, iko siku tutanunua hewa? Sasa twende Gazi, katika kaunti ya Kwale. Tangu mwaka 2013 wanavijiji wa Gazi na Makongeni wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117 za mikoko, na mikoko ile inavuta hewa ukaa na kuifungia kwenye miti na kwenye matope yake. Kila mwaka zinahesabiwa tani zipatazo 3,000, zinathibitishwa, na kibali chake kinauzwa kwa watu na kampuni za nje. Fedha inarudi kijijini, kwenye maji safi na shule. Mzee wa Gazi aliyefariki miaka ya 1970, ukimfufua leo ukamwambia kwamba wajukuu wake wanawauzia Wazungu hewa iliyozikwa matopeni, atakuuliza ni nani aliyekuroga.

Na mimi naona hapo pana riwaya nzima inayosubiri mtu wake. Mradi ni mzuri na nauheshimu. Lakini mwandishi ana haki ya kuupeleka mbele hadi mwaka 2060 na kuuliza maswali ambayo mkutano wa kijiji hauna muda nayo. Bei ya tani moja inapangwa na nani? Dhoruba ikiivunja mikoko usiku mmoja, je, kijiji kinadaiwa hewa iliyotoroka? Setilaiti inayohesabu miti kutoka juu ikimwona kijana anakata boriti mbili za kujengea chumba chake cha harusi, nani anapigiwa simu, yeye au chifu? Na kijana huyo atatazamwa vipi na majirani, yeye ambaye babu yake alikata boriti palepale bila mtu kumuuliza? Hapo kuna mapenzi, ugomvi wa urithi, siasa za kijiji, sheria na sayansi, vyote katika ghuba moja.

Ni vizuri pia tujifunze namna mabingwa wa wenzetu walivyofanya. Octavia Butler, mwanamke mweusi aliyezaliwa Pasadena, California, mwaka 1947, alichapisha Parable of the Sower mwaka 1993. Riwaya ile imeandikwa kama shajara ya binti mmoja, na inaanza mwaka 2024. Maji yamekuwa ghali kuliko petroli, watu wenye uwezo kidogo wamejifungia ndani ya kuta, na moto ni tishio la kila siku. Januari 2025 moto ulioshuka kutoka milimani uliteketeza sehemu kubwa ya Altadena, mji unaopakana na Pasadena, na ndiko Butler alikozikwa mwaka 2006. Watu wengi wakamwita nabii. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kulikataa jina hilo. Alieleza kwamba alichofanya ni kuyatazama matatizo ambayo watu wa wakati wake walikuwa wakiyapuuza, akayapa miaka kama thelathini ya kukua.

Njia hiyo iko wazi kwa yeyote. Haihitaji shahada ya fizikia. Inahitaji uijue sehemu moja vizuri, ujue tatizo lake moja linalopuuzwa, uwe na uvumilivu wa kulifuatilia hadi nyumbani kwa mtu.

Nitatoa mfano wa sehemu moja, pwani ya mashariki ya Unguja. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na tangu hapo wengi wa wakulima wake ni wanawake. Wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali, wanateremka na vigingi na kamba. Kigingi kinapigwa mchangani, kamba inavutwa hadi kigingi cha pili, na kwenye kamba vinafungwa vichane vidogo vya mwani, kimoja kimoja, kwa uzi. Mgongo umeinama, jua liko utosini na linarudi tena kutoka kwenye maji hadi usoni. Baada ya wiki kama sita wanavuna, wanabeba, wanaanika, wanauza. Kuna aina mbili kuu: spinosamu, ambayo ni sugu lakini bei yake ni ndogo, na kotonii, ambayo inalipa vizuri zaidi. Maji ya bahari yalipozidi kupata joto, kotonii ilianza kuugua. Matawi yanageuka meupe, yanalainika, yanakatika na kwenda na maji. Sehemu nyingi imekufa kabisa, na wanawake wamebaki na ile ya bei ndogo.

Dk. Flower Msuya, mtaalamu wa mwani ambaye amefanya kazi Zanzibar kwa miaka mingi, alishirikiana na wakulima kujaribu njia nyingine, neti za mrija zinazowekwa kwenye kina kirefu, ambako maji hayapati moto kiasi kile. Ni teknolojia nzuri. Ila kwenye kina kirefu unahitaji chombo na unahitaji kujua kuogelea, na wanawake wengi wa pwani ile hawakufundishwa kuogelea walipokuwa wasichana. Ona jinsi joto la bahari linavyoweza kutoka kwenye chati ya mwanasayansi, likapita kwenye neti, likafika hadi kwenye swali la nini msichana anaruhusiwa kufanya. Ripoti inaweza kulitaja jambo hili kwa sentensi moja. Hadithi inaweza kukaa nalo kurasa 200.

Nalitoa bure wazo hili kwa yeyote anayelitaka. Jambiani, mwaka 2060. Kwenye kila shamba la mwani kuna boya lenye kifaa cha kupima joto, chumvi na mkondo wa maji, na kila alfajiri simu inalia na kusema teremsheni kamba, au pandisheni, au msiende leo. Kifaa ni cha mnunuzi. Anayekitii anauza kwa bei kamili, asiyekitii anakatwa. Bibi mmoja, ambaye nyayo zake zimeijua bahari tangu utoto, anaingia majini siku kifaa kinaposema asiingie, kwa sababu maji hayampi hisia ya hatari. Mjukuu wake ndiye fundi wa maboya. Anajua kitu ambacho bibi hakijui: kifaa hakidanganyi kuhusu bahari, kinadanganya kuhusu bei. Maonyo yanatolewa siku ambazo soko limejaa. Anyamaze na kazi yake, au amwambie bibi? Mwandishi wa Makunduchi au Bwejuu ataliandika hili vizuri kuliko mimi, kwa lahaja ya kwao, na ninaomba aliandike.

Au aende Pangani. Huko baharini kulikuwa na kisiwa kinachoitwa Maziwe, kisiwa chenye miti yake. Uoto ulikatwa, mchanga ukakosa cha kuushikilia, mawimbi yakala, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 miti ilikuwa imekwisha na kisiwa kimebaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa. Kasa hawajui. Bado wanapanda fungu lile kutaga, na watu wanayahamisha mayai yao hadi ufukwe wa Ushongo yasizame. Anayedhani hadithi ya kisiwa kilichotoweka ni ndoto ya mbali, apande ngalawa akaone.

Na tukizungumzia mashine za kesho tusiwasahau ndugu zetu wa Kongo. Magari ya umeme yanayosifiwa kwamba yataiokoa hewa ya dunia yanahitaji betri, baadhi ya betri hizo zinahitaji kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, Kolwezi na kandokando yake, mahali ambapo mchimbaji anaamka, anapatana bei na kulia msiba kwa Kiswahili. Riwaya ya ukweli wote kuhusu gari lisilotoa moshi ingefaa iandikwe kwa Kiswahili cha Katanga. Msomaji wa Oslo angeisubiri itafsiriwe.

Nina ombi la fundi kwa fundi, kwa wale watakaoandika. Msituletee kiyama kitupu. Watu wetu wameona ukame wa misimu mitano mfululizo uliomaliza mifugo kaskazini mwa Kenya, kisha wakaona mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yakibeba nyumba Mathare, Mai Mahiu na Rufiji. Hofu wanayo ya kutosha. Msituletee pia mashine mwokozi, ile ambayo mvumbuzi anabonyeza kitufe katika sura ya mwisho na mvua inanyesha. Kinachotufaa ni hadithi ambamo watu wanagombana kwa haki juu ya kisima, mashine na mbegu, wanakosea, wanapatana nusu, na maisha yanaendelea na vitunguu vinakaangwa. Mwaka 2060 watu watakuwa bado wanaoa, wanazika, wanadaiwa kodi ya nyumba na kusubiri matokeo ya mtihani. Mkiwatoa hao, hakuna atakayeamini boya wala setilaiti.

Wanasayansi mlioko Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar, mlioko taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, KMFRI, Mombasa, mlioko Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, mpeni mwandishi mmoja alasiri yenu moja. Mwacheni akae maabara, aulize maswali ya kitoto, ashike chupa ya sampuli. Matokeo yenu yanalala kwenye majarida ambayo mvuvi hatayaona. Mwandishi anaweza kuyafikisha hadi kwenye jamvi lake. Na wewe mwandishi usione haya kubisha hodi. Kitu kibaya zaidi katika hadithi ya namna hii ni sayansi ya uongo inayosemwa kwa kujiamini, na dawa yake ni kumwuliza anayejua.

Wachapishaji, naelewa hesabu zenu. Kitabu kisichoteuliwa kwa shule kinakaa ghalani, na karatasi haishuki bei. Basi anzeni na mkusanyiko mmoja wa hadithi fupi, waandishi kumi wa nchi tofauti, mikataba ya haki, bei ya mwanafunzi. Wasimamizi wa tuzo, tunashukuru kwa mliyoyafanya. Tuzo ya Safal-Cornell imefufua ari ya waandishi, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, imewapa vijana wa Tanzania sababu ya kumaliza miswada yao. Tengeni sasa fungu la hadithi za kisayansi. Kijana atakayeliona fungu hilo kwenye tangazo atajua kwamba anachokiwaza usiku si upuuzi.

Redio ndiyo ninayoitegemea kuliko vyote, na hapa niwe mkweli, naamini hadithi ya kwanza ya aina hii itakayotikisa Afrika Mashariki itasikika kabla ya kusomwa. Mchezo wa redio hauhitaji kujenga jengo la mwaka 2060 wala jangwa lake. Unahitaji sauti tatu nzuri, mlango unaofungwa, maji yanayodondoka. Redio za jamii kama zile za Pangani na Micheweni zinawafikia watu haohao ambao bahari inawabishia hodi. Tengenezeni vipindi kumi na viwili vya dakika kumi na tano, kisha fungueni simu muulize: ungekuwa wewe, ungefanyaje? Majibu yale ya wasikilizaji yangekuwa elimu kwa waziri yeyote.

Walimu, ninyi mna kitu ambacho hakuna mwingine anacho, darasa la watoto ambao mwaka 2060 watakuwa na umri wa miaka arobaini na kitu. Wapeni insha moja muhula huu: kijiji changu au mtaa wangu mwaka 2060. Wakatazeni roketi. Waulizeni maji yatatoka wapi, nani atakuwa anayauza, na mti mkubwa wa shuleni utakuwepo au hautakuwepo. Zile insha tatu nzuri zisomwe mbele ya wazazi siku ya kufunga shule, na nakala zipelekwe ofisi ya kata au kwa diwani, ili anayepanga mipango ya maendeleo ajue watoto wanaogopa nini na wanatamani nini.

Na wewe msomaji, ambaye huenda hujawahi kujiita mwandishi, nina ombi kwako pia. Chagua mahali unapopajua kwa miguu yako, kisima, soko, ufukwe, bonde la mpunga, uchochoro wa mtaa. Andika juu ya karatasi mwaka 2060. Mweke pale mtu mmoja unayempenda, mpe tatizo moja ambalo leo tunalipuuza, mpe mashine moja ambayo leo ndiyo kwanza inajaribiwa, umwache aamue. Iandike kwa Kiswahili. Ukimaliza isome kwa sauti mbele ya watu wa nyumbani kwako, kisha uitume kwa gazeti, kwa redio, kwa mwalimu wa shule iliyo karibu nawe. Usisubiri ialikwe.